Njia ipi ya pembezoni mwa mji ina mandhari nzuri kwa safari ya baiskeli ya siku mbili?

KandoYaMto (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa haraka, muda umenibana na kichwa hakitulii.

Nataka kufanya safari ya siku mbili kwa baiskeli kuzunguka pembezoni mwa mji, kule nyumba zinapoanza kuachana. Jumla ni kama kilomita 70. Nina njia mbili. Ya kwanza inapanda mgongo wa vilima, ukifika juu unaona bonde lote, halafu inashuka mteremko wa kilomita tatu mfululizo hadi mtoni. Ya pili inafuata tuta la reli ya zamani isiyotumika, tambarare, miti pande zote mbili, inatokea bwawani. Ninachotaka ni mandhari. Ipi bora?

Na swali dogo: vile vyuma vya kuzuia pikipiki, vilivyopandwa mdomoni mwa njia za miguu ili upite kwa kukata kona kama Z, baiskeli ndefu inapita?

UpepoWaMbele
Vilima, hilo halina mjadala. Kwenye reli ya zamani utaona mti, mti, mti, mpaka usinzie juu ya usukani. Cha kuangalia ni upepo. Panga mzunguko wako ili asubuhi ukiwa na nguvu upepo uwe usoni, na wakati wa kurudi ukusukume mgongoni. Watu wengi hufanya kinyume, wanaenda mbio asubuhi wakijisifu, halafu jioni wanatambaa.

MzeeWaGia
Naheshimu vilima, lakini msiitukane reli. Treni ni nzito na magurudumu yake ya chuma yanateleza, kwa hiyo waliojenga reli walikata vilima na kufukia mabonde ili mwinuko uwe mdogo, mara nyingi usizidi asilimia 2. Kazi yote ya kusawazisha ulishafanyiwa kabla hujazaliwa. Kule Marekani ipo Great Allegheny Passage, kama kilomita 240 kutoka Cumberland hadi Pittsburgh, karibu yote juu ya reli zilizokufa. Inavuka milima inayogawa maji ya Atlantiki na ya Ghuba ya Meksiko, na watu wa kawaida wanaimaliza na mizigo yao.

Mimi nilianza kupenda baiskeli kwenye tuta la namna hiyo. Kulikuwa na handaki fupi, ukiingia joto linakatika ghafla kama mtu kafunga mlango. Mpaka leo nikipita mahali penye ubaridi wa ghafla nakumbuka lile handaki.

BiMwendo
Mleta mada, swali lako kubwa limejibiwa. Lililonishtua ni hilo dogo. Baiskeli ya kawaida haifiki mita mbili, na hakuna mwenye baiskeli ya kawaida anayekosa usingizi kwa ajili ya vile vyuma. Unavuta tela? Umempakia nani?

KandoYaMto
Hapana dada, sivuti tela. Ni baiskeli tu, ndefu kidogo. Tuendelee na mandhari tafadhali.

Changarawe77
Ndefu kidogo kama nini, treni? Basi njia ya reli ni yako 😀

BiMwendo
Kaka, nauliza kwa nia njema. Njia inayomfaa mtu mmoja mwepesi si ile ile inayomfaa aliyebeba mtoto au mgonjwa. Huwezi kuuliza dawa na kuficha ugonjwa.

KandoYaMto
Sawa. Ni tandemu, baiskeli ya watu wawili. Mbele nitakaa mimi na nyuma atakaa baba yangu. Mzee haoni. Macho yalififia taratibu mpaka yakaisha kabisa. Baiskeli ninayo tayari, na yeye nimeshamwambia tunakwenda, kwa hiyo naomba asitokee wa kunishauri niache. Nauliza njia tu.

MzeeWaGia
Hilo ungelisema mwanzo. Sahau vilima, angalau kwa sasa. Hapo kuna watu wazima wawili, mizigo ya siku mbili na baiskeli yenyewe nzito. Kwenye tambarare tandemu inakimbia kuliko baiskeli ya kawaida, kwa sababu miguu ni ya wawili na kifua kinachokata upepo ni kimoja. Mlimani mtachoka, na kwenye mteremko ndipo penye hatari. Ukishikilia breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, kwa kilomita tatu mfululizo, rimu inapata moto na tairi linaweza kupasuka. Ndiyo maana tandemu nyingi za safari ndefu huwekewa breki ya tatu ya ngoma, au hutumia za diski. Yako ina breki gani? Na umepima mteremko ule una asilimia ngapi?

MwanaWaMama
Mimi napita tu kukupongeza. Siku hizi mzazi akizeeka anawekwa kwenye kiti sebuleni na redio, tunasema tumemtunza. Mzazi anahitaji kutoka nje kama tulivyohitaji sisi tulipokuwa wadogo. Mama yangu nilimpakia kwenye keria mpaka kwa dada yake, njia nzima ananiambia nipunguze mwendo. Tulipofika akamwambia dada yake kwamba mwanangu anaendesha pole pole mno. Bakini wote wawili na afya, mwanangu.

Changarawe77
Ngojeni kwanza. Mimi nanusa chai hapa. Baba haoni, mwana anahangaika kutafuta mandhari. Mandhari ya nani? Halafu huyu huyu juzi juzi aliuliza humu jinsi ya kurudisha mnyororo uliotoka, swali la mtu ambaye hata baiskeli moja haijui. Leo ni dereva wa tandemu ya safari. Tena kila akibanwa hadithi inaongezeka utamu. Weka picha.

UpepoWaMbele
Hata mimi nilijiuliza. Nimepoteza ushauri wangu mzuri wa upepo kwa hadithi ya kutunga?

KandoYaMto
Picha ya baba yangu siweki humu, na hilo halina mjadala.

Mnyororo niliouliza ni ule wa upande wa kushoto, unaounganisha pedali za mbele na za nyuma. Ulilegea ukaruka, na nilipourudisha pedali zikawa haziendi sambamba, mguu wangu uko chini wa pili uko juu. Sikutaja tandemu kwa sababu nilijua yatakuja maswali haya.

Kuhusu mandhari, nawaeleza yote. Kabla macho hayajaisha, baba alikuwa na njia yake kando ya mto. Ndiyo njia aliyonifundishia baiskeli. Njia hiyo haipo tena. Pamejengwa mtaa mzima wa nyumba, mto umewekewa kuta za zege, miti mikubwa yote imekatwa. Yeye hajui. Kila mara ananiuliza kama ile miti bado ipo, na mimi namjibu ipo. Natafuta njia inayofanana nayo nimpitishe huko na kumwambia ndiyo ile. Ya vilima inafika mtoni, kwa hiyo atasikia maji. Ya reli ina kivuli. Sioni ubaya wowote. Atafurahi, na kufurahi kwake ndicho kitu ninachotaka.

BiMwendo
Kumbe hili ndilo lilikuwa likikunyima usingizi, wala si vyuma.

MzeeWaGia
Habari ya mnyororo wa kushoto si ya kutunga, Changarawe. Mtu asiyekuwa na tandemu hawezi kulijua hilo. Mleta mada, kwenye fremu nyingi za namna hiyo ekseli ya pedali za mbele inakaa ndani ya kikombe ambacho tundu lake haliko katikati. Legeza skrubu zake, kizungushe, ekseli itasogea na mnyororo utakaza. Usiache ukabana kabisa, uwe na mchezo kidogo.

MwanaWaMama
Nafuta pongezi zangu. Mzazi hadanganywi kwa sababu tu haoni. Leo njia, kesho utamwambia nini?

SikioLaNyuma
Nimeusoma uzi huu kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. Sioni tangu utotoni, na kiti cha nyuma cha tandemu ni kiti changu. Aliyeuliza mandhari ya nani, ni yangu. Kwenye Paralimpiki kuna mbio za tandemu, anayeona anakaa mbele na asiyeona nyuma, na wote wanakanyaga. Kwa hiyo mzee si mzigo wa kubebwa.

Mleta mada, atajua. Tena mapema sana. Kama mlikuwa mkitoka asubuhi kwenye njia ile, jua lilikuwa linampiga shavu lipi? Ukimpitisha njia inayoelekea upande mwingine, uso wake utamwambia kabla wewe hujafungua mdomo. Miguu nayo inakumbuka: hapa kulikuwa na mwinuko mdogo, hapa tuliacha kukanyaga baiskeli ikajiendea. Na masikio. Ukuta ulio karibu unarudisha sauti ya mnyororo, unaisikia kavu na ipo ubavuni kabisa. Nyumba zikiwa na nafasi kati yake, sauti inafunga na kufunguka, inafunga na kufunguka, na kila panapofunguka upepo unakugonga begani. Miti haifanyi hivyo. Miti inapooza hewa na kuvunja upepo polepole. Daraja la mbao linanguruma chini ya tairi, ubao mmoja uliolegea unatoa mlio wake peke yake, na anayelipita mara nyingi anausubiri.

Mtu aliyeizoea njia ile huwezi kumuuzia nyingine. Atakaa kimya ili asikuaibishe, na utarudi nyumbani ukidhani umefaulu.

Na kama mnakwenda, zungumza. Sema shimo kabla ya shimo, sema kona kabla ya kona, sema kabla hujabadili gia na kabla hujaacha kukanyaga. Gia ikibadilika bila taarifa, goti la wa nyuma linashtuka na anapoteza imani nawe. Maneno yawe mafupi. Hadithi za maua subiri mkisimama.

UpepoWaMbele
Kwa kuwa dereva wa tandemu hawezi kuchungulia simu kila dakika, kuna mbinu nzuri. Kule Limburg, Ubelgiji, mwaka 1995 mhandisi wa zamani wa migodi, Hugo Bollen, aliweka namba kwenye kila makutano ya njia za baiskeli. Unaandika namba zako tu, unakwenda kutoka moja hadi nyingine. Chora ramani yako, kila njia panda ipe namba, zibandike kwenye fremu mbele yako. Mzee azishike kichwani akuambie inayofuata.

KandoYaMto
Nimekuelewa SikioLaNyuma, na namba nitazitumia. Lakini mnanihukumu bila kumjua baba yangu. Nikimwambia mto umezibwa na miti imekwisha, hatatoka ndani. Yeye ile njia ndiyo bado anaiona.

SikioLaNyuma
Hilo hulijui mpaka umwambie. Sasa hivi umeshamwamulia.

KandoYaMto
Wakuu, narudi na mrejesho. Nimemwambia. Alikaa kimya, nikadhani safari imekufa. Kisha akaanza maswali: kuta za zege ziko upande mmoja au pande zote? Nyumba ni za ghorofa? Waliacha nafasi ya kupita kando ya maji? Nikamjibu kuna kijia cha miguu nyuma ya nyumba, kina vile vyuma kila mwisho. Anataka tuanzie hapo hapo. Baada ya hapo tushike reli mpaka bwawani. Vilima kavikataa mwenyewe, anasema breki hizo haziamini, na ni za rimu kweli.

Changarawe77
Neno chai nalifuta. Lakini picha ya baiskeli bado nadai, ya mzee baki nayo.

MzeeWaGia
Kwenye vyuma msilazimishe kupita mmepanda. Tandemu ina karibu mita mbili na nusu, haiwezi kukata ile Z. Shukeni wote. Wewe shika usukani, ingiza gurudumu la mbele kadiri linavyokwenda. Yeye ashike kiti chake cha nyuma, umhesabie, ainue nyuma na kuizungusha huku akifuata mkono wako. Mizigo ya pembeni itoe kwanza, hiyo ndiyo inayonasa. Jaribuni nyumbani kati ya viti viwili kabla hamjaenda.