4G inapotea nikipiga simu, na hii 4G+ inataka simu gani?

Mzee wa Bando
Wakuu, habari za humu. Simu inasoma 4G vizuri, lakini nikipiga tu inashuka H+ (alama ya 3G). Kwenye maeneo yasiyo na 3G ndiyo inaangukia E (2G) na intaneti inakata kabisa. Simu nyingine, laini ya mtandao uleule, zinaandika VoLTE na 4G+. Ni setingi au ni simu yenyewe? Nataka kununua nyingine, iliyotumika kutoka Dubai au Marekani, nisije nikaingia mkenge.

Fundi Minara
Hayo ni mambo mawili, mkuu, usiyachanganye.

4G inabeba data tu. Simu isiyo na VoLTE ikipiga au kupigiwa, mtandao unaishusha 3G au 2G ikaongelee huko, ndiyo maana kuna ule ukimya kabla haijaita. Ikiwa 3G, data inaendelea kwa kasi ndogo. Ikiwa 2G, kwa kawaida inasimama mpaka ukate. VoLTE inapitisha sauti humohumo ndani ya 4G: inaita upesi, data haikatiki, na sauti ni safi zaidi kama na mwenzako anayo.

4G+ ni kasi. Simu inaunganisha bendi (masafa ya redio) mbili au zaidi kwa pamoja, mfano 800 na 1800 MHz. Tazama daraja (Cat) la modemu, yaani kifaa cha ndani ya simu kinachoshika mtandao: Cat 4 inaishia 150 Mbps na haiunganishi bendi, Cat 6 inafika 300. iPhone 6 ni Cat 4, 6s ni Cat 6. Ila hiyo 300 inataka upana wa MHz 40 kwa jumla. Mtandao ukiwa na MHz 10 kwa kila bendi kati ya mbili unabaki na 150 ya kwenye karatasi, nayo mnagawana wote mlio kwenye mnara huo.

Dada Modemu
Niongezee upande wa VoLTE. Android: setingi, mtandao wa simu, chagua laini, washa VoLTE. Haionekani? Sasisha programu ya simu kwanza. Redmi na Xiaomi nyingi, piga *#*#86583#*#*, swichi inajitokeza, ingawa mtandao usipokubali kukusajili itakuwa pambo tu. iPhone ni kuanzia 6, na hakuna ujanja: mtandao wako lazima uwe umekubaliana na Apple.

Tahadhari: wapo wanaoingia *#*#4636#*#* na kuchagua LTE (yaani 4G) pekee ili 4G isishuke. Bila VoLTE, hupigi wala hupigiwi. Watu wanadhani umezima simu.

Fundi Minara
Kwenye kununua, jina la simu halitoshi, soma namba ya modeli. Galaxy S21 ya kimataifa ni SM-G991B, ya Marekani SM-G991U, ya Korea SM-G991N. Programu ya nchi nyingine inaweza isiwe na wasifu (setingi) wa VoLTE wa mtandao wako, ukabaki na simu ya 5G inayoshuka H+ ukipiga. Kwenye orodha ya bendi tafuta 3 na 20. Hiyo 20 ndiyo 800 MHz, inayofika mbali na kupenya kuta. Ya 5G tafuta bendi n78. Kwa iPhone, 5G imeanzia 12.

Usilipe kabla hujaweka laini yako mwenyewe na kupiga. 4G ikibaki juu ya skrini wakati mnaongea, VoLTE ipo.

Mzee wa Bando
Shukrani. Laini yangu ni ya zamani sana, nikaibadilishe?

Dada Modemu
Inasoma 4G, kwa hiyo laini haina tatizo. Piga huduma kwa wateja, uliza kama VoLTE imefunguliwa kwa namba yako. Wakikubali, zima simu na kuiwasha, kisha ujaribu tena.