Naomba ushauri: miaka ya kuota jua imeniharibu ngozi, naanzia wapi?

Bi Mshumaa
Habari za saa hizi wapendwa. Naenda kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mweupe wa kuzaliwa, ngozi yangu ni ile inayoungua kwanza ndipo ishike rangi. Tangu usichana nimeipenda rangi ya shaba na nimeitafuta kwa kila njia: kulala ufukweni mchana kutwa nimejipaka mafuta ya watoto, na miezi isiyo na jua nalipia vile vitanda vyenye taa. Sasa nimevuka arobaini. Kifuani, pale shingo ya gauni inapoishia, kuna mikunjo midogo midogo ambayo nikiamka nayo asubuhi haitoki hadi adhuhuri. Mashavuni nina madoa ya kahawia yasiyofifia, migongo ya viganja ina mabaka, na juu ya pua kuna sehemu inakwaruza nikiipapasa, inabanduka, halafu inarudi.

Kabatini nina seramu ya vitamini C, krimu ya tretinoini (dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A) niliyopewa na rafiki, asidi ya glikoliki ya kuchubua ngozi na kopo la kolajeni ya kunywa. Nikianza zote kwa mpigo nitaona mabadiliko haraka? Au ngozi ikishaharibiwa na jua ndiyo basi tena?

Ndimu Mbichi
Dada achana na makopo. Kata limao, paka kwenye madoa, kaa nalo nusu saa kisha nawa. Vya asili havina madhara.

Nesi wa Zamu
Ndimu Mbichi, hilo limao usimpe mtu anayeshinda juani. Maji ya limao na ndimu yana kemikali ambazo zikikutana na mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana, juu ya ngozi zinaunguza: malengelenge kwanza, kisha doa jeusi linalokaa miezi. Tunawapokea watu mkono umechorwa michirizi kufuata pale maji yalipotiririka.

Mleta mada, nafanya kazi kitengo cha ngozi, kwa hiyo naanza na lile ulilolitaja juujuu. Hiyo sehemu ya puani usiipake chochote cha kabatini. Inaweza kuwa ukavu tu. Lakini ngozi iliyopigwa jua miaka mingi, ikiwa na sehemu inayokwaruza kama msasa, inayobanduka na kurudi palepale, sisi huwaza keratosi ya jua. Nyingi hazifiki mbali, ila baadhi hugeuka saratani ya ngozi na kwa kutazama tu huwezi kujua ni ipi itageuka. Ikiwahiwa inatibika vizuri: hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, au hupakwa krimu ya fluorourasili kwa wiki kadhaa. Anayeamua ni daktari wa ngozi akishaiona kwa macho yake.

Ukienda, usimwonyeshe pua peke yake. Mwombe akukague mwili mzima: mgongo, nyuma ya masikio, ngozi ya kichwa, miguu hadi nyayo. Wakati unasubiri miadi jitazame mwenyewe kwenye mwanga mzuri. Doa la kulitilia shaka ni lile ambalo nusu moja haifanani na ya pili, kingo zake zimekatikakatika, lina rangi zaidi ya moja, au upana wake umepita milimita 6. Juu ya yote hayo, doa linalobadilika. Kidonda kisichopona kwa wiki 4 nacho hakisubiri.

Bi Mshumaa
Nesi umenitia homa, lakini asante. Nitaweka miadi wiki hii. Ila nilipokuwa nakwenda kwenye vile vitanda niliambiwa ni salama kuliko jua kwa sababu haviunguzi. Na kweli sikuwahi kuungua mle ndani.

Nesi wa Zamu
Kutoungua hakukuokoi. Taa zile hutoa zaidi UVA, aina mojawapo ya mionzi hiyo ya UV. Hii haiunguzi sana juu, lakini huzama hadi tabaka la ndani ilipo kolajeni, ile inayoishikilia ngozi isilegee. Mikunjo ya kifuani inatoka huko. Mwaka 2009 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliviweka vitanda hivyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi ambalo tumbaku imo. Brazili ikavipiga marufuku mwaka huohuo.

Mzee Usukani
Huyo UVA mimi namjua. Nimeendesha malori ujana wangu wote, sijawahi kuota jua hata siku moja kwa hiari, na upande mmoja wa uso wangu umezeeka kuliko mwingine. Kioo cha dirisha huzuia UVB ile ya kuunguza, lakini UVA nyingi hupita. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa picha ya dereva wa lori aliyefanya kazi hiyo miaka 28. Uso wake upande wa dirishani umejaa mikunjo minene, upande wa pili haujaharibika kiasi hicho. Itafute uitazame, mama.

Jaribu na hili: inua mkono, tazama ngozi ya ndani karibu na kwapa, kisha tazama mgongo wa kiganja. Ile ya kwapani ndiyo umri wako halisi. Tofauti iliyobaki, sehemu kubwa ni jua.

Pazia Zito
Nimesoma mpaka hapa nikainuka kufunga dirisha.

Kemia ya Kabati
Bi Mshumaa, nimelisoma kabati lako mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Krimu ya kinga-jua iko wapi?

Una vitu vinne vya kukarabati na huna hata kimoja cha kuzuia uharibifu usiendelee. Hapo hata ukipaka dhahabu unapoteza pesa. Huko Nambour, mji mdogo Queensland, Australia, mwaka 1992 watafiti walianza kufuatilia watu waliogawanywa makundi: hawa wapake kinga-jua kila siku, hawa waendelee na mazoea yao. Baada ya miaka 4 na nusu, waliopaka kila siku kuzeeka kwa ngozi yao kulikuwa pungufu kwa 24%. Matokeo hayo yalichapishwa 2013, na yalihusu watu wazima wa chini ya miaka 55, yaani hata wewe umo. Hawakuanza utotoni.

Nunua inayokinga UVA na UVB zote mbili. Usihangaike na namba kubwakubwa za SPF, kile kipimo cha kinga dhidi ya UVB: SPF 30 huzuia karibu 97% ya UVB, SPF 50 kama 98%. Watu huangushwa na kipimo. Wengi hupaka nusu ya kinachotakiwa au chini ya hapo. Chora mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati kwa urefu wote, hiyo ni ya uso na shingo. Kifua kipimo chake peke yake. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili. Kwa sababu una madoa, chagua yenye rangi ndani yake, zile zenye oksidi ya chuma, maana mwanga wa kawaida unaoonekana nao hukoleza aina fulani za madoa.

Hayo yakishakuwa mazoea, ndipo uje kwenye tretinoini. Hii ndiyo yenye ushahidi mrefu kuliko vyote ulivyonavyo. Marekani iliiruhusu kama dawa ya chunusi mwaka 1971. Daktari Albert Kligman akagundua wagonjwa wake wenye umri mkubwa wanarudi wakisema ngozi imelainika, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha kuhusu ngozi iliyozeeshwa na jua. (Huyu Kligman ndiye aliyefanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg huko Marekani, kwa hiyo msije mkamfanya mtakatifu. Huo ni uzi mwingine.)

Kwa kuwa ni dawa na umepewa na rafiki, mwonyeshe daktari tyubu yenyewe, nguvu zake hutofautiana. Akikuruhusu: usiku, uso umekauka kabisa, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, siku mbili kwa wiki tu. Utabanduka na kuwa mwekundu wiki za mwanzo. Usipandishe mpaka ngozi itulie. Kifua na shingo huchachamaa upesi kuliko uso, huko tanguliza losheni ya kawaida ndipo upake. Madoa na mikunjo midogo huanza kupungua kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 6, na ngozi huendelea kubadilika hadi mwaka. Kama una mimba au unaitafuta, usiiguse.

Glikoliki iweke kando kwa sasa, usiku mmoja na tretinoini utajichubua. Vitamini C ni ya asubuhi chini ya kinga-jua, ila kama imeshageuka kahawia chupani, tupa. Kolajeni ya kunywa tumbo huivunja kama protini nyingine yoyote. Mimi nisingeinunua tena ikiisha.

Maji ya Kunde
Naongezea kwa wanaosoma kimyakimya wenye rangi kama yangu. Nilifanyiwa leza ya madoa mahali nisipopataja, na nilitoka na madoa meusi kuliko niliyoingia nayo. Leza na kemikali za kuchubua ngozi zinafanya kazi, lakini ngozi yenye rangi nyingi hujibu joto na jeraha kwa kuzidisha weusi. Kabla hujalipa, uliza mambo mawili: doa langu ni la jua au ni melasma (aina ya mabaka ya kahawia ya usoni), na mashine hii inafaa rangi yangu? Melasma joto huichochea.

Na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa, iandikwe na daktari, kwa muda maalum. Watu huitumia miaka, wanaishia na weusi wa bluu usiotoka. Mkorogo sitaki hata kuuongelea, mle mna steroidi na zebaki.

Ndimu Mbichi
Limao nimelirudisha kwenye chai. Endeleeni.

Bi Mshumaa
Mrejesho wakuu. Ya puani ilikuwa keratosi kweli, imegandishwa pale pale, inauma ila inavumilika. Kwenye shavu la mguu daktari ameona doa ambalo mimi sikuwahi kuliona, amekata kipande kwenda kupimwa, majibu bado. Tretinoini ameniruhusu ya 0.025%, nisipake puani mpaka pakauke. Ameniambia mikunjo ya kifuani itapungua lakini haitaisha. Nimekubali.

Swali la mwisho na msinicheke: ile rangi ya shaba bado naipenda. Hakuna njia?

Nesi wa Zamu
Ipo, ya chupa. Losheni za kujipaka rangi zina kemikali iitwayo DHA, ambayo hupaka rangi seli zilizokufa za juu tu na hufutika baada ya siku chache, zikibanduka. Haihitaji jua wala taa. Jisugue taratibu kabla ya kupaka, vinginevyo viwiko na magoti yatakolea kuliko kwingine. Jua tu kwamba rangi hiyo haikukingi, hivyo kinga-jua inabaki palepale. Na puani subiri gamba lianguke lenyewe, usilibandue. Majibu ya mguu yakitoka tuambie.