Projekta, TV ya flashi au tableti: kipi kinafaa darasa la watoto 90?

mwl_sayansi
Wadau, heshima kwenu. Nafundisha Sayansi darasa la sita, shule ya umma, watoto zaidi ya 90 chumba kimoja. Wazazi wamechanga, kamati inataka tununue kitu kimoja cha kuonyeshea filamu fupi za masomo: projekta, TV inayosoma flashi au tableti chache. Umeme upo ila unakatika. Intaneti ni bando la simu yangu. Mliojaribu mnasemaje?

Chaki_Nyeupe
Projekta. Kwa watoto 90, TV ya inchi 43 inaishia dawati la tatu, waliobaki wanasikiliza redio. Ila darasa lina mapazia? Saa nne asubuhi jua likishaingia, projekta ya bei rahisi inaonyesha ukungu tu. Chini ya lumeni 3,000 (kipimo cha ukali wa mwanga) usiisogelee. Spika nunua pembeni.

mama_kemia
Mkuu, umesahau umeme. Projekta ya balbu inakula wati 250 na zaidi, TV ya LED ya inchi hizo kwa kawaida haifiki 100. Kama mnategemea sola, hapo ndipo pa kuangalia. Sisi tuna TV. Nusu ya darasa wanaangalia, nusu wako nje na mwalimu mwenzangu wanakimbia na kupima mapigo ya moyo, kisha wanabadilishana.

Fundi_Mtandao
Tableti zina faida moja: Kolibri. Programu ya bure, masomo unayapakua mara moja ukiwa mjini, halafu hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayarusha kwa Wi-Fi ya ndani bila intaneti. Mtoto akikwama anarudia mwenyewe. Lakini tableti 10 kwa watoto 90 ni ugomvi. Simu za wanafunzi msiziwaze kabisa, shuleni haziruhusiwi.

Mstaafu_Korogwe
Wajukuu, haya si mapya. Hapa kwetu Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza filamu za kufundishia kilimo na afya, wakazizungusha kwa lori vijijini Afrika Mashariki. Sauti waliiweka kwenye santuri, mbali na picha, ili picha ileile isimuliwe kwa lugha tofauti. Nanyi zimeni Kiingereza, msimulie wenyewe.

mama_kemia
Shikamoo mzee, hapo umegusa penyewe. Kwa Hisabati tuna katuni za Ubongo Kids, zinatengenezwa Dar tangu 2014, Kiswahili safi. Ukija kwenye mzunguko wa damu, video nzuri nyingi ni za Kiingereza. Mimi huzima sauti, nasimamisha picha damu ikiwa kwenye vali, mlango wa moyo, nauliza: sasa inaelekea wapi? Video ya dakika nne inamaliza kipindi cha dakika 40. Ukiiacha itiririke watapiga makofi, kesho hakuna anayekumbuka vali.

Chaki_Nyeupe
Kwenye sauti nakubali. Ila hayo makundi yanataka mwalimu wa pili, na kwetu hayupo. Nabaki na projekta.

mwl_sayansi
Kwetu yupo, darasa la tano tunasaidiana. Mapazia ndiyo hatuna. Naelekea kwenye TV. Lakini madirisha hayana nondo, italala wapi?

Fundi_Mtandao
Ofisi ya mwalimu mkuu. Seremala awatengenezee meza ya magurudumu, mnaisukuma hadi darasani. Na stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, nunueni siku hiyohiyo. Umeme unaua vitu ukirudi, si ukikatika.