Tairi za YBR 125 kwa barabara za Mwanza: Mchina, Mhindi au Michelin?

Mkazi_Buhongwa

Mwadila wakuu. Nina Yamaha YBR 125, tairi ya nyuma imeisha, kashata (yale meno ya tairi) za katikati zimelala hadi zile nundu ndogo za TWI ndani ya mifereji, zinazoonyesha tairi imeisha, ziko sawa na uso wa tairi. Ya mbele kashata bado zipo ila ubavuni imeanza nyufa kama tope lililokaukia juani. Juzi napita Mkuyuni mvua ndo inaanza, daladala mbele yangu ikasimama ghafla, nikashika breki, nyuma ikahama upande kama inataka kunipita, mama watoto kanikaba kiuno hadi nikakosa pumzi, tumepona kwa neema ya Mungu tu. Tangu siku hiyo sina amani.

Matumizi yangu: kila siku Buhongwa mjini na kurudi, karibu yote lami, nabeba mtu mara nyingi, na mara mbili kwa mwezi naenda kwa wazazi Sengerema kupitia darajani Kigongo-Busisi, kule ndani kuna vumbi na changarawe kidogo. Saizi zangu ni 2.75-18 mbele na 90/90-18 nyuma.

Nilizoona madukani: za Mchina zipo za majina kibao na bei rahisi, za Mhindi (MRF, CEAT, TVS), na kuna duka moja wana Michelin ila kwa bei ya moja napata Mchina mbili na hela ya mafuta inabaki. Nichukue ipi wakuu? Na je nikinunua nzuri moja iende mbele au nyuma?

Kijiwe_Nyegezi

Mkuu pole na hongera kwa kutoka salama. Mimi ni boda, yangu Boxer ya rimu 17 kwahiyo saizi tofauti ila lami ni ileile. Mi naandika kwenye daftari kila kitu ninachofunga kwenye chombo. Mchina ya nyuma niliifunga mwezi wa pili, wa sita ikawa kipara. Nikafunga Mhindi, imenipeleka miezi tisa kwa kazi ileile, abiria walewale na magunia ya mchele juu. Sasa piga hesabu ya miezi, usiangalie bei ya dukani, Mchina inakula hela kuliko Mhindi alafu bado kuna siku unayopoteza kwa fundi badala ya kuwa barabarani.

Kwa nyuma nakwambia Mhindi funga macho. Kasoro yake moja niwe mkweli, mpira wake mgumu, ndo maana inadumu, lakini mvua ikinyesha uipeleke kwa adabu.

BintiKirumba

Kaka mimi naomba nianzie kwenye swali lako la mwisho maana wengi wanalipita. Nzuri iende MBELE. Nyuma ikiteleza unayo nafasi ya kuirudisha, wewe mwenyewe umeteleza Mkuyuni na bado upo unaandika hapa. Mbele ikiteleza huna muda wa kufikiri, unashtukia bega liko chini.

Nasema kwa sababu yamenikuta. Napanda Bugando kila siku kazini na jioni nashuka, ule mteremko mnaujua. Nilikuwa nimefunga nyuma tairi mpya nzuri, mbele nikaacha ile ya zamani kwa sababu kashata zilikuwa bado ndefu, nikajiona nimebana matumizi. Mpira ulishakuwa mgumu kama kigae. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikakata, lami imekauka vizuri tu ila pale kwenye kona maji yalikuwa yameshusha mchanga kutoka kwenye mawe huko juu, mchanga mwembamba huuoni mpaka uko juu yake. Nikagusa breki ya mbele kidogo tu. Nilikaa wiki tatu mkono kwenye kitambaa. Kwahiyo nyufa za tairi yako ya mbele usizidharau, kashata kuwepo haimaanishi tairi ni zima.

Sangara_wa_Ziwa

Mi naona funga tairi pana nyuma, weka hata 110/90 ile ya kashata kubwa za nusu rafu, inakaa barabarani vizuri alafu pikipiki inapendeza, na Sengerema vumbi hutajua limeanzia wapi.

Fundi_Mabatini

Samahani Sangara nakupinga kwa upendo maana hili naliona gereji kila wiki. YBR ina rimu nyembamba. Ukilazimisha 110 kwenye ile rimu, tairi inabanwa miguuni inavimba juu, inakuwa duara kama ndizi mshale, sehemu inayogusa lami haiongezeki kama unavyodhani. Inakuwa nzito kulala kwenye kona, na nyuma inaanza kusugua mnyororo au mkono wa gurudumu ukibeba mtu. Nimeshatoa tairi mpya kabisa iliyokatwa ubavuni na mnyororo, mwenye nayo karibu alie.

Na zile kashata kubwa ni nzuri kwenye tope, ila kwenye lami ni vile vichwa tu vinavyogusa chini, katikati yake ni hewa. Lami ikilowa unakuwa unatembea juu ya visigino. Mkazi karibu safari yako yote ni lami, usifungie tairi safari mbili za mwezi ukasahau zile za kila siku.

Sasa tairi isomwe hivi, shika tochi uangalie ubavuni. 90/90-18 maana yake upana milimita 90, kimo asilimia 90 ya huo upana yani milimita 81, rimu inchi 18. Baada ya hapo kuna namba na herufi kama 51P, hapo ndo watu hawaangalii kabisa. 51 ni uwezo wa kubeba kilo 195 kwa hiyo tairi moja, 57 ni kilo 230. Herufi ni mwendo wa juu, L ni kilomita 120 kwa saa, P ni 150. Kwa mtu anayebeba mke na mzigo wa Sengerema ukikuta saizi yako ina 57 chukua hiyo kabla ya 51, jina lolote iwe nalo.

Alafu tafuta namba nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT. 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mimi tairi iliyopita miaka mitano dukani siifungi mbele kwenye pikipiki ya mtu hata iwe inang'aa, maana hapa kwetu nyingi zinaning'inizwa nje kwenye jua kutwa. Jua linaua mpira hata kama haujatembea hata hatua moja.

Kuhusu majina. Michelin City Pro kama utaipata ina tabaka la ziada chini ya kashata kupunguza pancha, na kwenye maji inashika. Za Mhindi zinadumu kweli, Kijiwe yuko sahihi. Mchina siwezi kuwasema wote kwa pamoja, kuna wanaotengeneza vizuri, tatizo jina jipya kila mwezi, leo unafunga hii ukirudi dukani haipo, huwezi hata kuijua tabia yake.

Mwisho, nunua na tyubu mpya. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ukiirudisha kwenye tairi mpya inajikunja, pale kwenye mkunjo ndo inapasuka. Na mwambie fundi aangalie MSHALE ubavuni, uelekee gurudumu linakozungukia ukiwa unaenda mbele. Mifereji imekatwa ili itupe maji pembeni, ukigeuza inakusanya maji badala ya kuyatoa.

Mkazi_Buhongwa

Fundi ubarikiwe, nimetoka nje na tochi saa hii. Ya mbele inaandika 0916. Yani nimekuwa natembelea mpira wa mwaka 2016 na mke wangu nyuma. Nimekaa kwenye kibaraza nimechoka.

Mzee_wa_Kisesa

Wanangu nimewasoma wote. Nimeendesha pikipiki tangu enzi zile mabwana shamba ndo walikuwa nazo peke yao vijijini, kwahiyo niongeze mawili.

La kwanza kuna hawa wanaochonga tairi. Unaipeleka kipara, kijana anachukua kisu cha moto anachora kashata upya, unarudi nyumbani una furaha. Msifanye hivyo hata siku moja. Pale chini ya mfereji mpira ulishabaki mwembamba kabla ya nyuzi, yeye anachimba humohumo. Na za mtumba vilevile, hujui iligonga shimo gani ilikotoka.

La pili ni upepo. Vijana mnaminya tairi kwa kidole gumba mnasema iko poa. Tairi ngumu kwa kidole inaweza kuwa na upepo nusu. Nunueni geji, ni kitu kidogo kinakaa mfukoni, pimeni asubuhi tairi ikiwa ya baridi kwa sababu ikishatembea inapata joto na geji inapanda. Upepo ukipungua tairi inakatika mabega, ukizidi inaisha katikati kama hiyo ya Mkazi. Kitabu cha pikipiki kinasema kiasi chako ukiwa peke yako na ukiwa na abiria, ni viwili tofauti.

Hiyo MRF mnayoisema ni Madras Rubber Factory, walianza mwaka 1946 wakitengeneza mabaluni ya watoto kuchezea. Huwa nawaambia wajukuu wanacheka sana.

BintiKirumba

Shikamoo mzee. Hilo la geji ni kweli tupu. Mi mbele naweka psi 25 na nyuma 29 nikiwa peke yangu, nami nina YBR kama ya Mkazi, na tofauti nimeiona kwenye kona siku ileile ya kwanza.

Mzee_wa_Kisesa

Marahaba mwanangu, pole na ule mkono.

Sangara_wa_Ziwa

Fundi nimekuelewa, sikujua habari ya rimu kubana. Yangu nilifunga pana na kweli inasugua nilidhani ni mnyororo umelegea. Ntapita Mabatini uiangalie.

Kijiwe_Nyegezi

Mkazi kitu kimoja kabla hujaenda kununua, tairi mpya kilomita 100 hivi za mwanzo inateleza, uso wake ni laini kama umepakwa mafuta, wengi wanaanguka wakitoka kwa fundi wakiwa na furaha ya tairi mpya. Nenda taratibu, usiilaze sana, na usimbebe shemeji siku hiyo.

Mkazi_Buhongwa

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumamosi nimezunguka mjini toka asubuhi. Duka la kwanza jamaa kanitolea 90/90-18 inang'aa, imefungwa nailoni, nikaomba niisome, ikaandika 1418. Nikamwambia kaka hii ni ya mwaka 2018, akanijibu tairi haiozi. Nikamshukuru nikaondoka. Zamani ningelipa.

Duka la tatu ndo nikapata. Mbele nimefunga Michelin, imeuma ila nimemkumbuka BintiKirumba na wiki zake tatu. Nyuma nimefunga Mhindi yenye 57P, ya mwaka jana. Tyubu mpya zote mbili, na fundi wa pale karibu na stendi kanifungia nikiwa nimesimama namwangalia, mnyororo kauweka alama sawa pande zote. Nimenunua na geji, mzee wangu nimekusikia.

Jumapili nimeenda Sengerema peke yangu, taratibu kama Kijiwe alivyosema. Pale juu ya daraja upepo wa ziwa ulikuwa unasukuma kutoka pembeni, zamani pale mbele ilikuwa inaogelea ogelea hadi mikono inakufa ganzi kwa kubana usukani, safari hii imetulia, nikapata hata nafasi ya kuangalia maji. Kurudi nimekutana na mvua Usagara hadi nyumbani na sijateleza hata mara moja. Picha nimeweka hapo chini, ya kwanza nyuma, ya pili mbele.

Kijiwe_Nyegezi

Safi sana mkuu, imependeza. Hiyo ya nyuma ukiitunza inafika mwakani.

Fundi_Mabatini

Hongera kaka umechagua vizuri. Ila kuza picha ya pili, ile imepigwa upande wa diski. Juu ya herufi ya M kuna mshale mdogo. Naona unaelekea nyuma.

Mkazi_Buhongwa

Nimetoka nje na tochi tena. Kweli umegeuzwa. Nilikuwa nimesimama palepale namwangalia mnyororo, mbele sikuangalia.

Fundi_Mabatini

Usijali, ni kazi ya nusu saa. Leta kesho asubuhi kabla ya kazi, hulipi kitu. Ila usiku huu usitoke nayo, huku Mabatini wingu limeshakaa juu ya mawe.