Mliouziwa maganda ya risasi za .450 Bushmaster na "fundi" wetu wa Ohio, piteni hapa

Wakuu, nimeshuka Tanga juzi kwa harusi ya dada, na hili jambo nilishaapa kulimeza. Jana usiku nakutana na huyo fundi mwenyewe hapa mtaa wa Chumbageni, kanzu imenyooka, ananipiga bega mbele za watu: "Bwana mdogo, bado unaharibu baruti?" Wakacheka. Basi namwaga yote.

Kwa wasiojua: Ohio tangu 2014 wanaruhusu kupiga kulungu kwa raifo ya ganda lililonyooka, lisilo na shingo. Ndiyo nikanunua .450 Bushmaster, na risasi najaza mwenyewe maana za dukani zinakamua mfuko. Huyo fundi akaniuzia maganda 100 matupu ya kujaza upya, "yamepigwa mara moja tu, mwanangu".

Mara moja ya nani? Nayapima urefu kwa venia, kile kipimo cha kubana, mengine inchi 1.67. Kikomo ni 1.700, haya yamepungua mno, na ganda hili halina bega la kulizuia, linajishikilia kwenye chemba, pale risasi inapokaa, kwa mdomo wake. Likiwa fupi linazama, pini inalifikia kwa mbali, fataki ya kitako inayowasha baruti inaweza isiwake. Kumi na saba yalikuwa na ufa mdomoni, mwembamba kama unywele. Ukiyatikisa kiganjani yanalia kama debe bovu.

Hayo ningesamehe. Baruti je? Akaniambia nitumie aina ya H110, sawa, ila "weka nusu, uanze taratibu". Nami mjinga nikamsikiliza mkubwa. Hodgdon wenyewe, wenye baruti hiyo, wanakataza kuipunguza zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo chao! Baruti hii inataka kujaa na kubanwa ndiyo iwake sawasawa. Mlio wa pili ukatoka "puf", kama soda iliyochacha. Nafungua bolti, ganda jeusi tii, punje mbichi za baruti zinanimwagikia kiganjani. Nachungulia mtutu: giza. Kichwa cha risasi kimelala katikati. Ningesukuma ya tatu, saa hizi mngekuwa mnanisomea hitima.

Yeye anasema nilipima vibaya. Nusu aliyoniambia yeye niipime vizuri vipi?

Nataka hela yangu ya maganda, na aache kuwauzia vijana wapya. Picha ninazo, nikipata bando naziweka. Na nyie mnaonifuata faragha eti niwajazie hapahapa Tanga, sheria ya silaha ya 2015 mnaijua. Mie tangu nishuke sijagusa hata greini moja ya baruti.