Mjadala: Maharage na joto la usiku, tuhariri jeni au tuchanganye mbegu?

HOJA: Usiku ukizidi takriban nyuzi 20, maharage ya kawaida huchanua vizuri kisha yakapukutisha maua. Kenya ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni, yaani kurekebisha jeni za mmea wenyewe maabara, mwaka 2022. Fedha za utafiti ziende huko, au kwenye kuyachanganya na tepari, ndugu yake wa jangwa la Sonora?

MTAFITI WA JENI: Tuanzie ndani ya seli. Siku za kawaida HSP70 na HSP90, protini zinazosaidia nyingine kushika umbo, huishikilia HSFA1, protini inayowasha jeni za kukabili joto, isifanye kazi. Joto likipanda, protini nyingine hupoteza umbo, na hizo HSP huiachia HSFA1 zikimbilie kuziokoa. HSFA1 ikishakuwa huru huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza HSP zaidi. Swichi tunaijua. Kwa nini tusiiguse moja kwa moja?

MZALISHAJI WA MBEGU: Kwa sababu swichi ikiwaka muda wote mmea hulipa gharama. DREB1A, swichi ya baridi na ukame, ilipoachwa ikiwaka daima kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio, mimea ilidumaa. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba ikiendeshwa na rd29A, kiwashio cha jeni kinachowaka wakati wa shida tu, udumavu hupungua sana.

Tena ndugu yangu, jani linaweza kustahimili na chavua ikafa. Madhara huanza siku kama 10 kabla ua halijafunguka: ndani ya chavulio (kifuko cha chavua), tapetumu, tabaka linalolisha chembe changa za chavua, huharibika kabla ya wakati. Pasua chavulio juu ya kioo cha hadubini, weka tone la asetokamini, rangi nyekundu ya maabara. Chavua nzima hushika wekundu na kujaa; iliyokufa hubaki imepauka na kusinyaa. Aina ya mbegu ipimwe hapo, si kwa ukijani wa majani.

MTAFITI WA JENI: Kipimo hicho nakikubali. Lakini kuchanganya na tepari nako si mteremko: viinitete hufa mapema, lazima viokolewe maabara, kisha mzao uchanganywe tena na maharage ya kawaida vizazi kadhaa.

MZALISHAJI WA MBEGU: Kweli, na bado naona ndiyo njia fupi. Uhariri nao hudai mmea mzima uoteshwe upya kutoka kwenye seli, na maharage ni magumu kwa hilo. Jeni utakuwa umeichagua, mche huna.

AFISA UGANI: Naomba mkulima wa msimu huu asisahaulike. Kwenye aina zinazochanua siku ya 35 hadi 40, siku za hatari huanza kama ya 25. Zihesabu tangu kupanda, uzielekeze kwenye miezi yenye usiku wa baridi. Kwenda juu kwa mita 100 hupunguza joto kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo shamba la juu kwa mita 300 hupata nafuu ya karibu nyuzi 2. Matandazo hupoza udongo. Hewa inayozunguka ua usiku hayaipozi. Wafadhili wakigawa fungu, vipimajoto vya mashambani viwemo. Bila rekodi ya usiku, hiyo mbegu mpya mtaipeleka wapi?