Vita vya Msalaba: kweli zilikuwa timu mbili, Wakristo na Waislamu, au tumekaririshwa?

Wakuu habari za saa hizi. Jana jioni kijiweni kwa muuza kahawa kulizuka ubishi mpaka kashata zikasahaulika kwenye sahani. Mmoja anasema Wazungu walivamia nchi za watu kwa uroho tu, mwingine anasema wapi, walienda kurudisha chao maana Jerusalem ilikuwa ya Wakristo kabla ya Waislamu kuichukua. Nikawasikiliza weee, nikaona wanabishana kama Simba na Yanga, jezi mbili basi. Mimi nasema hizo jezi mbili hazikuwepo, anayepinga aje na hoja na sio matusi.

Tuanzie 1095. Papa Urban wa Pili yuko Clermont, Ufaransa, anahimiza watu waende mashariki, na chanzo kimojawapo ni kaisari Mkristo wa Constantinople (Istanbul ya leo), Alexios, alikuwa ameomba msaada kwa sababu Waturuki wa Seljuk wamemmegea nchi sehemu kubwa. Sawa. Mwaka uliofuata kuna makundi hata Mwislamu hayajamtia machoni yakaanza na Wayahudi wa Worms na Mainz, hukohuko Ujerumani, yakaua watu kwa mamia. Halafu jeshi lenyewe linafika Jerusalem 1099 linakuta wenye mji sio Waturuki tena, ni Wafatimiya wa Misri, Washia, ambao waliuchukua kwa hao Waturuki mwaka mmoja tu nyuma! Yaani Wazungu wako njiani na Waislamu bado wanang'oana meno wenyewe kwa wenyewe kugombea mji uleule.

Mwaka 1140 mtawala wa Damascus alipobanwa na Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo, Mwislamu mwenzake, alimkimbilia nani? Mfalme Mkristo wa Jerusalem, wakasimama pamoja. Miaka nane mbele jeshi jipya linatoka Ulaya, linaacha maadui kibao linaenda kuizingira Damascus hiyohiyo, likakaa siku chache likaondoka mikono mitupu. Hapo mtu unacheka au unalia?

Kuna bwana mmoja Mwislamu wa Shayzar huko Syria, Usama ibn Munqidh, kaacha simulizi tamu sana. Anasema akienda Jerusalem, mashujaa wa Templar, yaani watawa wapiganaji wa Kikristo, waliokuwa wamekaa Al-Aqsa walikuwa rafiki zake, wanamwachia chumba aswali. Siku moja katoa takbira tu, Mfaranki mmoja (ndivyo walivyoitwa Wazungu hao) akamrukia akamgeuza uso kuelekea mashariki, "swali hivi!" Templar wakamtoa nje yule jamaa, akavizia akarudi kumgeuza tena, wakamtoa tena, wakamwomba Usama radhi wakisema huyu ni mgeni, kafika juzijuzi kutoka kwao. Mgeni ndo mwenye kiherehere, mwenyeji keshazoea jirani.

Na 1204 sijaigusa. Wapiganaji wa Msalaba walikopa meli Venice, deni likawashinda, wakaanza kuteka Zara, mji wa Wakatoliki wenzao, kisha wakaipora Constantinople, makao makuu ya Waorthodoksi. Nawasilisha.

——

Mleta mada umeandika vizuri ila unapaka sukari. Walioingia Jerusalem 1099 walichinja Waislamu na Wayahudi mpaka mabarabarani, na 1191 Richard wa Uingereza aliua mateka kama 2,700 nje ya Acre mchana kweupe. Hao walikufa kwa sababu ya dini yao, usitupeleke kwenye siasa. Linganisha na Salahuddin 1187, aliuchukua mji kwa mapatano, mwanaume dinari 10, mwanamke 5, anatoka na roho yake.

——

Mkuu hapo juu malizia basi hadithi, wasio na hizo dinari ilikuwaje? Maelfu waliishia utumwani. Na mbona hakuna anayemtaja al-Hakim, khalifa wa Wafatimiya wa Misri, aliyeamuru Kanisa la Kaburi Takatifu huko Jerusalem libomolewe 1009? Wakristo nao walikuwa na kidonda, hawakuamka tu asubuhi wakapanda farasi.

——

Mleta mada nimerudi, nilikuwa kibaruani.

Wote nawakubalia, mauaji yalikuwepo tena ya kutisha, na imani ilikuwepo, wala sisemi ilikuwa geresha ya kutafuta mali. Robert wa Normandy aliweka nchi yake nzima rehani kwa mdogo wake kwa mark 10,000 za fedha ili tu apate nauli na posho ya jeshi, mtu anayefukuzia utajiri hafanyi hivyo, aliamini kweli dhambi zake zitafutwa. Ninachokataa ni kusema kila Mkristo alikuwa huku na kila Mwislamu kule.

Nawaachia huyu mmoja. Kaisari Frederick wa Pili wa Ujerumani, ameshatengwa na Papa, anafika mashariki 1228, na mwaka 1229 anakaa mezani na Sultani al-Kamil wa Misri na kupewa Jerusalem kwa mkataba bila kuizingira hata siku moja, Waislamu wanabaki na Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba. Unadhani walishangiliwa? Damascus watu walilia misikitini kwamba sultani kauza mji, na upande wa pili Patriaki wa Jerusalem, askofu mkuu wa Wakristo wa huko, akapiga marufuku ibada kwenye mji huohuo uliorudishwa, kisa kauleta mtu aliyetengwa. Sasa nyie wa timu mbili, Frederick mnamvalisha jezi ipi?